Neno la muuzaji limo ndani ya bei

Chini kabisa ya risiti nyingi za madukani, baada ya jumla na kodi na shukrani kwa mteja, huwa pamechapwa mstari mmoja: mali ikishauzwa hairudishwi. Wengine huubandika ukutani nyuma ya kaunta, kwa herufi kubwa nyekundu. Wanunuzi wa Kenya wameuzoea hata wakauona kuwa ndiyo sheria ya nchi. Feni ikigoma kuzunguka siku ya pili, au simu iliyouzwa kuwa mpya ikikutwa na picha za harusi ya watu wengine, mtu husonya, hulaumu bahati yake, kisha huipeleka kwa fundi. Kwa muuzaji harudi, maana alishaambiwa.

Mstari huo si sheria. Mali ikiwa mbovu, au ikiwa iliuzwa kwa maneno ya uongo, mstari huo haumwondolei mnunuzi haki yake mbele ya hakimu, na imekuwa hivyo tangu tarehe 14 Machi 2013, siku ambayo Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji, Nambari 46 ya mwaka 2012, ilianza kutumika. Watoto waliozaliwa siku hiyo sasa wanatumwa dukani peke yao, na bado wanarudi na risiti zenye maneno yale yale.

Nianze kwa kuondoa kosa moja la kawaida. Sheria haimlazimishi muuzaji kupokea kila kinachorudishwa. Ukinunua kiatu cheusi, ukafika nyumbani ukatamani cha kahawia, hilo ni lako mwenyewe, na akikubadilishia ni kwa hisani yake. Haki ninayoizungumzia hapa ni ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu, au aliyeambiwa kitu ni hiki kumbe ni kile.

Kabla ya mwaka 2013 hesabu ilikuwa tofauti. Tulikuwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ya mwaka 1931, ambayo serikali ya kikoloni iliichota kutoka kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Sheria hiyo bado ipo vitabuni, wala si mbaya. Inasema kwamba mtu ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa fulani lazima auze yenye ubora unaokubalika sokoni, na kwamba mnunuzi akimweleza kazi anayoitakia bidhaa hiyo na kuutegemea ujuzi wake, basi lazima iifae kazi hiyo. Lakini iliacha mlango wa nyuma: pande mbili zikikubaliana, masharti hayo yaweza kuwekwa kando. Hapo ndipo mstari wa risiti ulipopata nguvu.

Kati ya mfanyabiashara na mfanyabiashara, mlango huo una maana yake. Mwenye ghala la kahawa na mwenye kampuni ya meli wana mawakili, wana muda, na kila mmoja aweza kuondoka mezani. Mama anayenunua jiko la gesi hana meza ya kukaa. Bei anaambiwa kwa mdomo, pesa anatuma kwa simu, na risiti yenye masharti anapewa akishalipa. Makubaliano gani hayo, ya kusomewa baada ya kufungwa?

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyogeuza mambo. Ibara ya 46 inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo anayohitaji ili afaidike nazo kikamilifu, haki ya kulindwa afya, usalama na masilahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro. Ibara hiyo hiyo ililiagiza Bunge kutunga sheria ya kuwalinda watumiaji na ya kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na ya heshima. Si nchi nyingi zilizotia matangazo ya biashara ndani ya katiba. Waliokaa kuiandika walijua kuwa mtu maskini huibiwa mara nyingi zaidi kwa maneno kuliko kwa panga.

Sheria ya 2012 ilifuata agizo hilo. Imeweka kwamba muuzaji anahesabiwa kuwa amehakikisha ubora wa anachouza hata kama hakutamka lolote, na kwamba haki alizopewa mnunuzi haziwezi kufutwa na mkataba, sahihi wala karatasi. Ule mlango wa nyuma wa 1931, kwa mnunuzi wa kawaida, umefungwa.

Utamu wa sheria hii uko katika kifungu cha 12, kinachotaja namna za maneno ya udanganyifu. Ukikisoma utadhani walioandika walikuwa wameshinda wiki nzima katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, wamejibanza kando wakisikiliza. Ni marufuku kusema bidhaa ina uwezo, viungo, faida au kiasi ambacho haina. Ni marufuku kusema ni mpya kumbe imetumika au imekarabatiwa. Ni marufuku kusema ipo dukani na huku unajua haipo, ile hila ya kumvuta mtu kwa picha ya friji ya bei ya kutupa, akifika anaambiwa imeisha asubuhi, lakini tazama hii nyingine ya elfu arobaini. Ni marufuku pia kutaja punguzo la bei ambalo halipo. Kibandiko kinachosema kilikuwa 8,999 sasa 4,999, ilhali hakijawahi kuuzwa 8,999 hata siku moja, ni uongo kama uongo mwingine wowote.

Kimo hata kifungu cha mwenye duka anayedai kuuza kwa sababu isiyokuwepo. Sote tumeyaona maduka yenye kitambaa cha “tunafunga, kila kitu lazima kiondoke”, kitambaa kikapauka kwa jua, kikabadilishwa kingine kipya chenye maneno yale yale, na duka halifungwi. Mpita njia huona ni mzaha wa mjini. Anayeingia, akanunua kwa haraka akidhani kesho hapatakuwa na duka, ameshinikizwa kwa jambo ambalo si kweli.

Gereji nazo hazikusahaulika. Fundi akikwambia kipuri fulani kimekwisha na lazima kibadilishwe, kumbe ni kizima, hilo limetajwa waziwazi. Mwenye gari asiyejua tofauti ya bushi na beringi, kama tulivyo wengi, yuko mikononi mwa anayejua, na ndiyo maana sheria inamtaka anayejua aseme kweli.

Kisha kuna fungu ambalo naliona kuwa la maana kuliko yote. Limekataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki alizo nazo, nafuu anazoweza kudai, na wajibu unaomfunga. Soma tena polepole. Anayemwambia mteja wa bidhaa mbovu kuwa hana haki ya kuirudisha anamweleza jambo la uongo kuhusu haki zake. Kwa maoni yangu, lile tangazo la ukutani, likitumiwa kumfukuza mtu aliyeuziwa kibovu, ni udanganyifu wa aina hiyo hiyo liliokusudia kuuficha.

Jumamosi moja nilikuwa katika duka la vifaa vya umeme karibu na Barabara ya Digo, Mombasa, miongoni mwa yale yanayoweka spika mlangoni hadi mazungumzo yanakuwa ya kupigiana kelele. Mama mmoja wa makamo alikuwa akimtafutia mwanawe wufa ya kuweka katika duka la kinyozi alilokuwa akifungua Kisauni.

“Mama, chukua hii,” kijana wa duka alimwambia. “Wati elfu kumi. Ukiifungulia hapa, watu wa Likoni wanacheza.”

Mama aliligeuza kasha. Kweli, 10,000W, kwa herufi za rangi ya dhahabu, na pembeni yake herufi nne ndogo: PMPO. “Na ikizima, mwanangu?”

“Tunakujaribia hapa hapa, mama. Ikishatoka mlangoni ni yako.”

Nyuma ya wufa yenyewe, pale waya wa umeme unapoingia, palikuwa na kibandiko cha fedha chenye ukubwa wa kidole gumba, kimeandikwa volti, masafa, na mwisho: 60W. Hiyo ndiyo nguvu ambayo kile chombo huvuta kutoka kwenye soketi. Chombo kinachovuta wati 60 hakiwezi kuendelea kutoa wati elfu kumi kwenye spika zake, kwa sababu nguvu haizaliwi ndani ya sanduku la mbao. PMPO maana yake ni kilele cha nguvu ya muziki, kipimo kisicho na utaratibu mmoja wa kimataifa wa kukipima. Kila kiwanda hujipimia kipendavyo, na vingi hupenda tarakimu zenye sifuri nyingi. Wufa ilijaribiwa, mama akasikia mlio mkubwa, akalipa kwa simu, akatafuta tuktuk.

Yule kijana alisema mambo mawili, na sheria huyatenganisha. Kuhusu watu wa Likoni kucheza, hakuna hakimu atakayemsumbua: hiyo ni sifa ya mfanyabiashara, na kila mtu mzima anajua kuipima. Lakini wati elfu kumi ni jambo la kweli au si kweli. Linapimika. Mnunuzi analitumia kuamua kama alipe elfu tatu au elfu sita. Mpaka kati ya kusifu na kudai ndio moyo wa sheria hizi zote, na kesi iliyouchora vizuri zaidi ilianzia London zaidi ya miaka 130 iliyopita, wakati wa ugonjwa.

Mafua makali yalikuwa yameikumba dunia tangu mwishoni mwa 1889, na watu walikuwa wakifa. Kampuni moja, Carbolic Smoke Ball Company, ilileta sokoni kitufe cha mpira kilichojazwa unga wa dawa ya kaboliki, chenye mrija wa kuingiza puani. Ukikibonyeza, moshi hupanda kichwani. Mnamo Novemba 1891 kampuni ilitangaza gazetini kwamba itamlipa pauni 100 yeyote atakayepata mafua hayo baada ya kutumia kitufe mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama maelekezo yanavyosema. Ili watu wasidhani ni maneno matupu, tangazo liliongeza kuwa pauni 1,000 zimewekwa benki, katika Alliance Bank, kuonyesha kuwa kampuni haina mzaha.

Louisa Carlill alikinunua, akakitumia mara tatu kila siku kuanzia tarehe 20 Novemba 1891 hadi tarehe 17 Januari 1892, siku aliyoshikwa na mafua. Alidai pauni zake mia. Kampuni ilikataa, na mawakili wake walileta hoja ambazo hadi leo husikika kwenye kaunta ya duka: lile lilikuwa tangazo tu, hatukuwa na mkataba naye, huwezi kuingia mkataba na dunia nzima, nani aliyemwambia aamini? Mnamo Desemba 1892 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa, Lindley, Bowen na A. L. Smith, waliikatalia kampuni kwa kauli moja. Zile pauni elfu moja za benki ndizo zilizoifunga. Aliyetoa ahadi ya wazi, akawataka watu waifuate, akaweka pesa kuonyesha anamaanisha, hawezi kugeuka baadaye akasema alikuwa akijisifu. Bi Carlill alilipwa. Aliishi hadi mwaka 1942, akafariki akiwa na umri wa miaka 96.

Kila mwanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki hukutana na kitufe hicho katika somo la mikataba, na naona ni vizuri nao wateja wa madukani wakijue. Walakini Bi Carlill alishinda kwa njia ngumu, njia ya mkataba, ambapo mnunuzi hubeba mzigo wa kuonyesha kuwa palikuwa na ahadi kamili. Sheria za sasa zimepunguza mzigo huo. Ya Kenya inataja hata kutia chumvi na kutumia maneno yenye maana mbili juu ya jambo la msingi, na inataja kunyamaza pia: kuacha kusema jambo ambalo mnunuzi angelijua asingenunua. Ndugu zetu wa Tanzania Bara wameliweka kwa ufupi zaidi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 kinamkataza mtu yeyote, katika biashara, kufanya jambo linalopotosha au linaloelekea kupotosha. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba muuzaji alikusudia ubaya. Linaloulizwa ni moja: je, mtu wa kawaida angepotoka?

Watu wa Pwani hawakuhitaji kusubiri London wala Bunge ili kuyajua haya. Mtume Muhammad alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na maji. Mwenye nafaka alisema mvua ilinyesha. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka iliyolowa juu, watu waione. Na akaambiwa kuwa anayeghushi si mwenzetu. Kisa hicho masheikh hukirudia misikitini, na fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, imejenga juu yake haki kamili ya khiyari: aliyeuziwa kitu chenye aibu iliyofichwa ana hiari ya kukirudisha na kudai pesa zake. Mwenye duka anayefunga kwenda kuswali adhuhuri, akarudi kufungua chini ya tangazo la kukataa kurudishiwa kibovu, anapingana na Katiba na pia na alichokisikia mimbarini.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Zamani huenda ilikuwa hivyo. Leo kizuri nacho hakina budi kujitembeza, maana kipo rafu moja na vingine ishirini, na mnunuzi ana dakika mbili. Ndiyo sababu udanganyifu wa matangazo humuumiza mfanyabiashara mwaminifu kabla hata ya kumuumiza mteja. Fikiria maduka mawili yaliyopakana. Wa kwanza ameandika wati 60 kwa sababu ndizo zilizopo. Wa pili, kwa chombo kile kile, ameandika 10,000. Wateja watakwenda kwa nani? Baada ya mwezi, wa kwanza ama naye ataongeza sifuri, ama atafunga duka. Sheria isiposimamiwa, ni wakweli ndio wanaoondoka sokoni, na sisi tunabaki kununua kwa waliosalia.

Hali ni hiyo hiyo katika pesa za simu. Chukua mkopo wa shilingi 1,000 wa siku 30, unaotozwa ada ya asilimia 7.5. Ni shilingi 75, nauli ya matatu tu. Lakini hesabu kiwango hicho kwa mwaka mzima na utakuta ni zaidi ya asilimia 90, mzigo ambao benki ikiuandika wazi kwenye bango hakuna atakayeingia mlangoni. Ukiuita ada badala ya riba, na ukautaja kwa mwezi badala ya mwaka, unaonekana mdogo. Mnamo 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliziagiza kampuni za huduma za kifedha kwa simu kumwonyesha mteja gharama kabla hajathibitisha muamala, badala ya kumwachia aigundue baadaye kwenye salio. Mwaka 2022 zikafuata kanuni za Benki Kuu za kuwapa leseni wakopeshaji wa kidijitali na kuwataka waweke masharti yao bayana. Agizo la 2016 linaonyesha kinachowezekana mwenye mamlaka akiamua kuyatumia.

Kwa mnunuzi mmoja mmoja, sheria ya 2012 inatoa nafuu ambayo ni wachache wanaoijua. Aliyenunua kwa sababu ya udanganyifu anaweza kuuvunja mkataba na kudai fidia, mradi atoe ilani ndani ya mwaka mmoja tangu makubaliano. Mwaka mmoja, si siku saba. Ikiwa mali haiwezi tena kurudishwa, kwa mfano dawa ya kuua wadudu iliyokwishanyunyiziwa shambani na wadudu wakaendelea kula, anaweza kudai tofauti kati ya alicholipa na thamani halisi ya alichopewa.

Kwa miaka mingi kilichokosekana kilikuwa pa kwenda. Nani atamlipa wakili elfu thelathini kudai friji ya elfu ishirini na tano? Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ikafunguliwa Milimani, Nairobi, mnamo Aprili 2021, kisha nyingine zikafuata katika miji mingine. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mkataba wa kuuza na kununua bidhaa ni miongoni mwa mambo ya kwanza yaliyotajwa katika mamlaka yake. Unaweza kujisimamia mwenyewe. Sheria kali za ushahidi hazitumiki. Kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60.

Anayekwenda huko hafai kwenda mikono mitupu. Kasha usilitupe, maana ndilo lililobeba madai. Tangazo la mtandaoni lipige picha siku ile ile unayonunua, likionekana jina la ukurasa na tarehe, kwa kuwa anayeuza kwa picha anaweza kuifuta picha kwa kidole. Ujumbe wa malipo uhifadhi. Na dai risiti ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa ankara za kodi, hata kama muuzaji atakuna kichwa, kwa sababu ina nambari ya PIN yake ya kodi. Bila hiyo unaweza kujikuta unamshtaki mtu ambaye unajua jina lake la utani peke yake. Kwa bidhaa zenye nembo ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya, kuna hatua ya kuchukua kabla ya kulipa: tuma ujumbe wenye herufi SM, alama ya reli, kisha nambari ya kibali iliyo chini ya nembo, kwenda 20023. Jibu litakwambia bidhaa hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Jina likitofautiana na lililo kwenye kasha, rudisha rafuni.

Yote haya yanamtaka mnunuzi ajue kwanza kuwa ana haki, na hapo ndipo ninapoona serikali imetukosea. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Muuzaji hutuuzia kwa Kiswahili. Redio hutangaza kwa Kiswahili, na mabango ya barabarani huchanganya Kiswahili na Sheng kwa ustadi mkubwa kwa sababu waliolipa pesa za tangazo wanataka waeleweke. Lakini sheria inayotulinda dhidi ya tangazo hilo ilipitishwa kwa Kiingereza, cha mawakili, chenye sentensi ndefu kama gari la moshi. Mtu aliyeomba kura Kongowea, Mombasa, kwa Kiswahili fasaha ashindweje kuhakikisha kwamba kifungu cha 12 kinasomeka Kongowea?

Na kuna hasara ambazo hata mahakama ya madai madogo haiwezi kuzifikia. Hakuna atakayepoteza siku ya kazi kwa ajili ya kadi ya kumbukumbu ya shilingi 800 iliyoandikwa gigabaiti 128 na kubeba nane. Muuzaji wa kadi hizo anajua hivyo. Anaishi kwa hesabu kwamba kila aliyeumizwa ameumizwa kidogo, na kwamba elfu moja waliopoteza mia nane mia nane hawatakutana. Hapa mnunuzi akiachwa peke yake hafui dafu, na ni lazima serikali imtangulie.

Chombo cha kufanya hivyo kipo, tena karibu na watu kuliko ofisi za Nairobi. Nyongeza ya Nne ya Katiba imezipa kaunti kazi ya kusimamia leseni za biashara na mwenendo wa haki katika biashara. Tayari maafisa wa vipimo huzungukia masoko. Mizani ya muuza nyama hukaguliwa na kupigwa muhuri, na akikutwa amepunguza gramu hamsini kwa kilo anashtakiwa. Mtu anayepunguza wati 9,940 katika 10,000 hapimwi na yeyote. Vivyo hivyo muuza kadi za kumbukumbu, muuza betri za kuchajia simu, na muuza paneli za sola zilizoandikwa wati mia ilhali hazitoi hata nusu ya hizo saa sita mchana, vitu ambavyo familia za vijijini hununua kwa akiba ya mwaka.

Kaunti ya Mombasa, au yoyote itakayotaka kuwa ya kwanza, inaweza kuanza na barabara moja. Afisa wa vipimo achukue bidhaa kumi kutoka maduka kumi, azipime mbele ya wenye maduka wenyewe, na matokeo yabandikwe mlangoni mwa soko na kusomwa redioni, kwa Kiswahili, pamoja na kile kilichoandikwa kwenye kasha. Majalada ya waliorudia kosa yapelekwe kwa Mamlaka ya Ushindani na kwa mwendesha mashtaka. Kifaa cha kupimia wati zinazovutwa kutoka kwenye soketi hutoshea kiganjani, na mafundi wanaojua kukitumia wamejaa kila mtaa.